Hesabu ya Jua na ya Betri



Juma hili naliweka kando lile jambo la vitabu vya watoto nililowaahidi, maana baba mmoja wa upande wa Beni ametuletea swali lisiloweza kungoja. Anasema kwamba kila mwaka, wakati wa mavuno ya kakao, yeye na jamaa yake huhamia shambani, wakakaa huko majuma sita au manane katika nyumba ya miti na turubai, kisha hurudi mjini. Mwaka jana alinunua paneli ya jua ili wapate mwanga. Imeandikwa nyuma yake wati 150, na kwa kipimo cha utepe ni sentimita 60 kwa 60. Betri aliipata kwa fundi mmoja, ni ya lori. Tena alinunua ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe kama umeme wa mjini, apate kuwasha televisheni. Siku kumi za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Halafu taa zikaanza kuzimika saa mbili usiku, na kabla ya mavuno kwisha betri haikuweza tena kuwasha hata taa moja. Anauliza: “Je, Mwalimu, nilidanganywa, au ni mimi mwenyewe sikujua?”

Barua hiyo nimeisoma mara mbili, maana ningaliweza kuiandika mimi.

Nilipata zamu yangu ya likelemba mwaka wa 2021. Nilikuwa nimechanga miezi kumi pamoja na walimu wenzangu, na nilikuwa nimemwahidi mama watoto kwamba fedha hizo zitakuwa taa ya kusomea, kwa kuwa mkubwa wetu alikuwa akijitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Basi nikaingia dukani kama mtu anayekwenda kununua mbuzi: nikaitazama iliyonona, nikauliza bei, nikapunguziwa kidogo, nikafurahi. Sikuuliza tutatumia kiasi gani kila usiku, wala sikuuliza jua litatupa kiasi gani kila mchana. Miezi saba baadaye betri ilikuwa jiwe, na mtoto akamaliza kujitayarisha kwa mshumaa. Alifaulu. Lakini macho yalimwuma, na mama yake hakuniambia neno lolote juu ya fedha zile, na kimya hicho kilikuwa kizito kuliko maneno.

Hata hivyo, taa iliyozimika huvumilika. Simu iliyozimika yaweza kuwa hatari. Watu wa Beni hawahitaji nieleze kwa nini. Tangu mwaka wa 2014, mauaji yalipoanza katika vijiji vya wilaya ile, wakulima wengi wamezoea kulala shambani na sikio moja wazi, na habari ya kwamba njia si salama hupita kutoka simu hadi simu, jirani kwa jirani. Shemeji yangu alikuwa shambani pamoja na mkewe na watoto wanne. Mawingu yalikuwa yamekaa siku mbili. Jioni ya kwanza watoto walitazama filamu katika televisheni ndogo, na jioni ya pili betri haikuwa na kitu. Simu zote mbili zikazimika kabla ya saa tatu usiku. Usiku uleule ndugu wa kijiji cha pili walimpigia mara nyingi kumwambia kwamba watu wanaondoka. Hakusikia. Alipata habari alfajiri kwa kijana wa pikipiki aliyepita na godoro moja na watu watatu nyuma yake. Walitoka wote salama, kwa miguu, mpaka barabara kuu. Lakini tangu siku ile mimi siwezi kusema kwamba hesabu ya wati ni mchezo wa mafundi.

Haya, tuanze. Kila nyumba ya Butembo yenye bati inajua jambo hili: mvua inanyesha juu ya bati, maji yanashuka katika pipa, na watu wa nyumbani wanachota. Paneli ni bati, betri ni pipa, na taa, redio na simu ni vikombe vya kuchotea. Mwenye bati dogo hawezi kujaza pipa kubwa, na mwenye pipa kubwa tupu hana maji zaidi ya mwenye ndoo. Tena mtu mwenye akili hanunui pipa kwanza. Anauliza kwanza: sisi watu saba tunatumia ndoo ngapi kwa siku?

Nchi za mbali, hasa Marekani, kuna watu wanaovuta nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya gari, wakaenda kukaa porini siku kumi, mbali na kila waya, kwa starehe tu. Mkulima wa kakao akisikia hayo atacheka: kumbe kuna watu wanaolipa fedha ili walale kama sisi! Lakini hesabu wanayofanya kabla ya kuondoka ni ileile inayotupasa sisi, na wanaifanya kwa kalamu, mezani, kabla ya kutoa hata dola moja.

Kipimo cha kwanza ni wati. Wati hueleza kitu kinakula umeme kwa kasi gani. Ukizidisha wati kwa saa ambazo kitu hicho kinawaka, unapata wati-saa, na wati-saa ndizo ndoo zetu za maji. Taa ya wati 5 ikiwaka saa nne, imekula wati-saa 20.

Chukueni daftari la mtoto, mkaandike pamoja nami vitu vya nyumba ya shambani. Taa ya jikoni, wati 5 kwa saa tatu: 15. Taa ya watoto kusomea, wati 5 kwa saa nne: 20. Taa ndogo ya nje, wati 2, lakini hii inawaka saa kumi, tangu giza hadi karibu na mapambazuko: 20 nyingine. Angalieni hapo! Taa iliyo ndogo kuliko zote inakula sawa na ile ya kusomea, kwa sababu ya wingi wa saa. Redio ya wati 4 kwa saa sita: 24. Simu ya kioo ikijazwa tangu tupu hutaka karibu wati-saa 15, na zile za vitufe kama 4 kila moja. Kwa simu moja ya kioo na mbili za vitufe, pamoja na kile kinachopotea katika kujaza, andikeni 30. Hesabu hiyo inafika 109. Mimi huandika 120, maana nyumba haikosi mgeni aliyekuja na simu yake.

Sasa ongezeni televisheni ndogo ya wati 25 kwa saa tatu kila jioni. Ni 75. Jumla inapanda kutoka 109 hadi 184, na kwa mgeni wetu tuandike 200. Sisemi kwamba televisheni ni dhambi. Nasema tu kwamba peke yake inakula zaidi ya taa zote tatu pamoja, nayo ndiyo itakayoamua ukubwa wa paneli na uzito wa betri mtakayobeba.

Juu ya pasi, birika la umeme na jiko la umeme sitasema mengi. Pasi hula wati 1,000 na kuzidi. Nusu saa ya pasi ni wati-saa 500, yaani siku nne za taa, redio na simu. Shambani tumieni makaa.

Ile mashine ya kugeuza umeme, ambayo baba yetu aliinunua, yataka neno lake peke yake, maana ndiyo mwizi anayelala ndani ya nyumba. Ikiwa imewashwa, hata kama hamna kitu kilichochomekwa, yenyewe hula umeme ili iwe tayari. Nyingi za wastani hula wati kama 10. Zidisheni kwa saa 24: wati-saa 240! Ni zaidi ya taa, redio, simu na televisheni vyote pamoja, na hakuna aliyeona mwanga wala kusikia sauti. Kwa hiyo nunueni vitu vinavyokubali volti 12 moja kwa moja. Taa za namna hiyo zipo, redio zipo, vijazio vya simu vipo, hata televisheni zipo. Ikiwa hamna budi kuwa na mashine, mtu mmoja apewe kazi ya kuizima mara televisheni inapofungwa. Nyumbani kwetu kazi hiyo nilimpa binti mwenye umri wa miaka tisa, naye ni mkali kuliko askari wa forodha wa Kasindi.

Tugeukie jua. Sisi tunakaa karibu kabisa na mstari wa Ikweta, Butembo na Beni zote mbili zikiwa kaskazini yake kidogo tu, na mchana wetu una saa 12 mwaka mzima. Lakini msidhani paneli inafanya kazi kamili saa 12. Asubuhi na jioni jua liko upande, mwanga wake ni mlegevu. Tena Butembo ina ukungu wa asubuhi, na mawingu ya mchana hayatuachi, hasa katika miezi ya mvua ya Machi hadi Mei na ya Agosti hadi Novemba. Mafundi hukusanya mwanga wote wa siku, mkali na hafifu, wakaupima kana kwamba ungekuwa wa jua la adhuhuri tupu. Kwa sehemu zetu mimi huhesabu saa 4 za namna hiyo. Siku za kiangazi mtapata zaidi, na siku ya mvua tangu asubuhi mtapata moja au pungufu. Lakini mwenye kuhesabu 6 atalala gizani.

Basi, kwa nyumba isiyo na televisheni tunataka wati-saa 120 kila siku. Betri ya risasi hairudishi yote inayopewa, na nyaya nazo hupoteza kidogo. Kwa hiyo zidisheni kwa 1.3, mpate 156. Gawanyeni kwa saa 4: ni wati 39. Lakini wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa katika chumba cha mafundi, kwa mwanga mkali na paneli ikiwa na nyuzi 25 tu za joto. Juani paneli huwa moto kama bati la jikoni, na paneli yenye moto hutoa pungufu. Vumbi nalo huchukua sehemu yake. Robo nzima huenda hivyo. Gawanyeni 39 kwa 0.75, mpate 52. Dukani ombeni paneli ya wati 60. Mkifanya njia hiyohiyo kwa nyumba yenye televisheni, mtafika 87, na mtaomba paneli ya wati 100.

Baba wa Beni atasema: “Mimi nilikuwa na wati 150, mbona nililala gizani?” Hapa ndipo ule utepe wake unapotusaidia. Jua kali la adhuhuri huleta karibu wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi. Paneli nzuri za leo hugeuza kama sehemu moja katika tano kuwa umeme. Ile ya kwanza kabisa ya silikoni, iliyoonyeshwa na maabara ya Bell huko Marekani mwaka wa 1954, iligeuza kama 6 katika mia tu, na ulimwengu ulistaajabu. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya paneli njema hutoa wati 200 hivi. Paneli ya baba ni 0.6 mara 0.6, yaani mita za mraba 0.36. Zidisha kwa 200: ni 72. Hata mtu aandike nini nyuma yake, paneli hiyo haitatoa 150 hadi mwisho wa dunia. Upande huo, Baba, ulidanganywa. Sitaki kusema kwamba mwenye duka alijua. Katoni hutoka mbali sana, hupita mikono mingi na mipaka mingi, na wauzaji wengi husoma tu kile kilichokwisha kuandikwa. Lakini ninyi mnaokwenda kununua, chukueni utepe wa fundi cherehani. Paneli ya kweli ya wati 100 ni karibu nusu mita ya mraba, kwa mfano mita moja kwa nusu mita au zaidi kidogo.

Lakini betri, Baba, sikufichi: hapo hukudanganywa. Betri ya lori hutengenezwa kwa mabamba membamba mengi, ili itoe nguvu kubwa mno kwa nukta chache, injini ishike, kisha ijazwe tena mara moja na gari lenyewe. Ni kama mkimbiaji wa mbio fupi. Wewe ulimpa mzigo akatembee usiku kucha, kila usiku. Anaanguka. Tena kuna ugonjwa mwingine uliomwua wako kama ulivyomwua wangu. Betri ya risasi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka wa 1859 na ambayo hadi leo haijabadilika sana, ikiachwa tupu siku nyingi hushikwa na chumvi ngumu juu ya mabamba yake, na chumvi hiyo haiyeyuki tena. Mkiizoeza kutumia nusu tu ya kilichomo na kuijaza kila siku, mtakuwa nayo miaka kadhaa. Mkiikausha kila usiku, mtaizika kabla ya mwaka.

Basi hesabu ya pipa ni hii. Tunataka 120 kila siku. Tunataka tuvuke siku mbili za mawingu, maana mawingu yetu hayaji siku moja yakaondoka: 240. Tusiguse nusu ya chini: 480. Gawanyeni kwa volti 12: ni ampea-saa 40. Kwa nyumba yenye televisheni njia hiyohiyo inatoa karibu 67, na dukani mtachukua ya 70 au ya 75. Ombeni betri ya jua, ile ya kutumika polepole. Ya gari waachieni wenye magari.

Kuna pia betri mpya za lithiamu. Watu wanadhani zote zina kobalti ya nchi yetu, ile inayochimbwa Kolwezi na Likasi. Sivyo, zile za lithiamu na chuma, zinazouzwa kwa ajili ya jua, hazina kobalti hata kidogo. Bei yake ya kwanza inaumiza. Lakini zinakubali kutumika zaidi ya robo tatu bila kudhurika, hudumu mara nyingi kuliko ya risasi, na jambo lililo kubwa kwa watu wa shamba ni uzito. Nyumba yenye televisheni itahitaji ya risasi yenye kilo 20 na zaidi, au ya lithiamu ya ampea-saa 40 yenye kilo kama 5. Asiyewahi kuondoka nyumbani ghafula ataona tofauti hiyo ni ndogo. Mama aliyewahi kufunga vitu ndani ya kitenge gizani, na mtoto mgongoni, anajua kwamba kilo 5 zinakwenda naye na kilo 20 zinabaki. Mwenye kuhamahama, akiwa na uwezo, mimi namshauri achukue lithiamu, na ahakikishe kwamba kidhibiti cha chaji kimewekwa kwa ajili ya aina hiyo. Asiye na uwezo asikope kwa ajili yake; apunguze vikombe vya kuchotea.

Jambo la kivuli wengi hawaliamini mpaka waone. Vipande vidogo vya paneli vimeungwa mmoja baada ya mwingine, kama watu walioshikana mikono wakipitishiana ndoo. Mmoja akisimama, mstari wote unakawia. Jani moja la mgomba likiangukia pembe ya paneli laweza kuiba nusu ya umeme wote, ingawa limefunika sehemu ndogo tu. Shambani, chini ya mikakao na migomba, nimeona paneli zimewekwa mahali penye jua saa tatu asubuhi, na saa tano pamekuwa kivuli kitupu. Kabla ya kuifunga, kaeni siku moja mkitazama jua linavyopita. Iwekeni karibu bapa, kwa kuwa kwetu jua hupita juu ya kichwa. Iinameni kidogo tu, nyuzi kama 10, ili mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege.

Ikiwa paneli iko mbali, tazameni unene wa waya. Umeme wa volti 12 ni kama maji yasiyo na msukumo, haupendi mpira mwembamba. Paneli ya wati 100 ikipeleka ampea 6 umbali wa mita 10 kwa waya wa milimita za mraba 1.5, inapoteza karibu volti moja na nusu njiani. Kwa waya wa milimita 4 inapoteza nusu volti tu. Na karibu na betri wekeni fyuzi. Nyaya mbili za betri zikigusana hazina huruma, na nyumba za miti na turubai huungua upesi kuliko mtu anavyoweza kuamka. Betri ya risasi isikae chumba cha kulala, maana inapojazwa hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Mita ndogo ya kupimia volti ni rahisi, kila fundi wa simu anayo. Pimeni betri ya risasi alfajiri, kabla jua halijaigusa na kila kitu kikiwa kimezimwa. Ikisoma 12.7, imejaa. Ikisoma 12.2, mmefika nusu, na jioni ile hakuna televisheni, hata watoto wakilia. Betri ya lithiamu haipimiki vizuri hivyo, kwa sababu volti zake hazishuki mpaka karibu na mwisho.

Na simu? Baada ya usiku ule wa shemeji tumekubaliana katika jamaa yetu jambo moja. Simu haitegemei betri ya nyumba peke yake. Kuna akiba ndogo ya kujazia, ile ya mfukoni, inayojazwa mchana na kutiwa katika mfuko wa mama, na hakuna mtoto, hakuna mgeni, hakuna hata baba mwenyewe anayeigusa kwa ajili ya muziki. Iliyoandikwa 10,000 juu yake, ikiwa ya kweli, ina wati-saa 37, na baada ya upotevu itajaza simu ya kioo mara moja na nusu, au ya vitufe mara sita. Mawingu yakija, kwanza inazimwa televisheni, kisha redio ya mchana. Juu ya taa ya nje tulibishana sana: mmoja alisema inawafukuza wezi, mwingine alisema inawaonyesha watu wabaya mahali tulipo. Sikuweza kukata shauri kutoka mezani kwangu Butembo. Kila nyumba inajua njia yake.

Mwezi uliopita shemeji alikuja mjini kununua upya. Tulikaa na daftari jioni nzima, na mwisho wake yeye mwenyewe aliifuta televisheni kwa kalamu. “Itabaki kwenu, Shemeji,” akasema. “Watoto wataitazama likizo.” Basi tulikuwa tunatafuta paneli ya wati 60 na betri ya ampea-saa 40, na asubuhi tukaenda sokoni na utepe.

Betri ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa na karatasi nzuri ya rangi, imeandikwa 100. Bei yake ilikuwa ya 100 vilevile. Mbele ya duka lile mama mmoja alikuwa akiuza maharagwe, na mizani yake ilikuwa hapo. Nikamwomba: “Mama, tuazime mizani kidogo.” Akacheka, akaondoa kikapu. Betri ya risasi huweka kama wati-saa 35 katika kila kilo yake; kwa hiyo ya kweli ya 100, yaani wati-saa 1,200, yapaswa kuwa na kilo 30 na zaidi. Mizani ilisimama kwenye 14.

Mwenye duka, mzee wa makamo, mtu mpole, alitazama mizani, akatazama karatasi. “Mwalimu,” akasema, “mimi sijawahi kuipima.” Akaingia ndani, akatoka na nyingine isiyo na rangi wala sifa, imeandikwa 40 tu. Tukaiweka. Kilo 13 na nusu. Bei yake ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, na shemeji alilipa bila kubishana, jambo nisilolizoea kwake.

Tulipokuwa tunaifunga juu ya pikipiki, mzee yule alikuwa amechuchumaa kando ya mama wa maharagwe, akimwomba amwachie mizani mpaka saa sita, na kijana wake alikuwa akitoa katoni nyingine nje, moja baada ya moja.